Ahadi ya Sayari Elfu

Ahadi ni deni. Waliotuachia methali hii walikuwa na watu wawili mbele ya macho yao, mmoja akinena na mwingine akisikia, na wote wawili wakijua siku ya kulipana. Zama zetu zimeleta ahadi ya namna nyingine, itolewayo na watu wachache kwa mamilioni ya wasikilizaji wasiowajua, juu ya kitu ambacho hakijakamilika bado. Kipimo, hata hivyo, hakikubadilika. Kazi ya sanaa ikitangazwa kabla ya kwisha huzaa deni, na siku ya kutoka kwake ndiyo siku ya malipo.

Insha hii yahusu deni moja la aina hiyo. Mwezi wa Juni 2018, mjini Los Angeles, kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitangaza mchezo wa video ulioitwa Starfield. Ulikuwa mchezo wa safari za anga za juu, nao ulitolewa rasmi tarehe 6 Septemba 2023, baada ya kungojewa kwa miaka mitano na zaidi. Tangu siku ile watu wameulizana kama mchezo huu ulitimiza matarajio yaliyokuwa juu yake. Wapo wanaojibu kwamba ulitimiza na kupita, na wapo wanaojibu kwamba ulikuwa hasara tupu. Kila upande una ushahidi wake, na kila upande hushangaa jinsi upande wa pili usivyoona jambo lililo wazi kama jua la mchana.

Nadhani ugomvi huu haukomi kwa sababu madeni matatu tofauti yamefungwa katika furushi moja. La kwanza ni deni la maneno, yaani mambo ambayo watengenezaji walisema kwa vinywa vyao kwamba yatakuwamo. La pili ni deni la desturi, yaani mambo ambayo hayakusemwa, ila kila mtu aliyatarajia kwa kuwa fundi yule yule alikwisha kuyafanya katika kazi zake zote za zamani. La tatu si deni hata kidogo, ijapokuwa hudaiwa kwa sauti kubwa kuliko mengine: ni ndoto ambayo msikilizaji aliijenga mwenyewe moyoni mwake. Hukumu ya haki haina budi kuyatenga matatu haya, kisha kuuliza lipi lililipwa na lipi lililobaki.

Huenda msomaji akauliza ni kwa nini mwalimu wa lugha na fasihi ajishughulishe na mchezo. Jibu langu ni fupi. Mchezo wa aina hii ni hadithi. Mchezaji huvaa nafsi ya mtu wa kubuni, humchagulia sura, kazi na tabia, humwingiza katika nchi ya kubuni, na hufuata au hukataa mashauri ya watu anaokutana nao. Starfield una mistari zaidi ya 250,000 ya mazungumzo, na mistari hiyo iliandikwa na watu na kusomwa na waigizaji. Kazi yenye maneno mengi kiasi hicho ni haki yake kuhojiwa kama zinavyohojiwa kazi nyingine za hadithi.

Tuanze na asili. Tamaa ya kuutia ulimwengu mzima wa nyota ndani ya mashine ni ya zamani kuliko Bethesda yenyewe. Mwaka 1984 vijana wawili waliokuwa wanafunzi wa Cambridge nchini Uingereza, David Braben na Ian Bell, walitoa mchezo ulioitwa Elite. Kompyuta yao, BBC Micro, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu, kiasi ambacho hakitoshi kuhifadhi hata picha moja ya kawaida iliyopigwa kwa simu ya leo. Hapakuwa na nafasi ya kuandika habari za nyota moja moja. Basi wakatumia hila ya hesabu. Walichukua tarakimu chache za mwanzo, wakazipitisha katika kanuni isiyobadilika, na kanuni ikazaa jina la sayari, mahali pake, serikali yake na bei za bidhaa zake. Tarakimu zile zile zilipopitishwa tena, sayari ile ile ilirudi. Ilikuwa kama mbegu: ndogo mkononi, na ndani yake mti mzima.

Kwa njia hiyo wangaliweza kutoa makundi ya nyota yanayofikia trilioni 282. Acornsoft, kampuni iliyouchapisha mchezo, iliwataka wayapunguze yawe manane, kila moja likiwa na nyota 256. Jumla ikawa nyota 2,048. Sababu ya kupunguza inastahili kukumbukwa, kwa maana ndani yake mna kiini cha habari yetu yote. Idadi kubwa mno ingaliwafunulia wachezaji kwamba vitu vile havikutofautiana sana. Mtu akipewa nyota elfu mbili hudhani kila moja ina siri yake. Akipewa trilioni, hutambua upesi kwamba anatazama mashine ikihesabu.

Bethesda nayo ilipita njia hii mapema. Kampuni ilianzishwa mwaka 1986 katika jimbo la Maryland, na mwaka 1994 ilitoa mchezo wa kwanza wa mfululizo wa The Elder Scrolls, wenye mapanga, uchawi na mazimwi. Mchezo wa pili, Daggerfall, ulitoka mwaka 1996. Nchi yake ilikuwa kubwa ajabu, yenye miji, vijiji, makaburi na mapango zaidi ya 15,000, na sehemu kubwa ilizaliwa kwa kanuni za hesabu. Wachezaji waliustaajabia upana wake. Lakini waliotembea ndani yake kwa muda mrefu waliona kwamba kijiji kimoja kilifanana na kijiji cha pili, na pango la leo lilikuwa ndugu wa pango la jana. Aghalabu hawakusafiri baina ya miji kwa miguu, kwa kuwa njiani hapakuwa na kitu. Walichagua jina katika ramani, wakafika.

Mafundi wa Bethesda walijifunza. Mchezo wa tatu, Morrowind, uliotoka mwaka 2002 chini ya uongozi wa Todd Howard, uliitupa nchi kubwa na kuchukua kisiwa kimoja tu. Kisiwa hicho kilipangwa kwa mikono: jiwe hili hapa, kibanda kile pale, upanga uliofichwa nyuma ya mlango ambao hakuna aliyekuambia uufungue. Udogo ule ndio uliowapa ukubwa wa sifa. Kutoka hapo ikazaliwa desturi iliyoendelea katika Oblivion mwaka 2006, Fallout 3 mwaka 2008, Skyrim mwaka 2011 na Fallout 4 mwaka 2015. Kanuni za hesabu hazikuachwa kabisa, zikisaidia hapa na pale, lakini mkono wa mtu ulipita juu ya kila bonde.

Desturi hiyo ilikuwa nini hasa? Ilikuwa desturi ya njia. Mchezaji wa Skyrim hutoka katika kijiji cha Riverwood akitumwa mahali fulani. Akiwa njiani huona moshi ng'ambo ya mto, akageuka kuutazama. Huko hukuta kambi, na kambini hukuta barua, na barua humtaja mtu aliye katika mji asioujua. Saa tatu baadaye amesahau alikokuwa akienda, na hajuti. Katika michezo hii kisa kikubwa kilikuwa kisingizio cha kumtoa mtu nyumbani. Utajiri ulikuwa baina ya mahali na mahali. Kufikia mwaka 2023 nakala zaidi ya milioni 60 za Skyrim zilikuwa zimenunuliwa, na sidhani kwamba watu wengi kiasi hicho walivutwa na kisa chake cha mazimwi. Walivutwa na kule kupotea njia.

Sasa twaweza kuelewa matarajio ya mwaka 2018. Watu walipoambiwa kwamba mafundi wa Skyrim wanaunda ulimwengu mpya, wa kwanza wa kubuniwa nao wenyewe kwa zaidi ya miaka 20, walichukua desturi ya njia wakaipeleka mbinguni kwa fikira zao. Kama bonde moja lilikuwa na siri mia, anga nzima ingekuwa na siri ngapi! Mambo mengine yakaongeza moto. Mwezi wa Septemba 2020 Microsoft ilitangaza kuinunua ZeniMax Media, kampuni mama ya Bethesda, kwa dola bilioni 7.5, na ununuzi ukakamilika mwezi wa Machi 2021. Starfield ukageuka kuwa bendera ya mashine za Xbox, wala haukutolewa kwa mashine za mshindani wake, PlayStation, siku ulipotoka. Mwezi wa Juni 2021 ilitajwa tarehe ya kutoka, 11 Novemba 2022, miaka 11 kamili tangu siku ya Skyrim. Mwezi wa Mei 2022 tarehe hiyo ikaahirishwa. Kuahirisha ni jambo la hekima katika kazi ngumu, lakini kila siku anayongoja mtu huongeza faida juu ya deni.

Mwezi wa Juni 2022 Howard alisimama mbele ya umma akaonyesha mchezo wenyewe. Ndipo ikasemwa namba iliyotawala mazungumzo yote yaliyofuata: sayari zaidi ya 1,000, katika mifumo ya nyota zaidi ya 100. Waliojua historia walipaswa kushtuka. Miaka sita tu kabla ya hapo, mwezi wa Agosti 2016, kampuni ndogo ya Uingereza iitwayo Hello Games ilikuwa imetoa mchezo wa No Man's Sky wenye sayari 18,446,744,073,709,551,616, zote zikizaliwa kwa kanuni. Wanunuzi walikasirika kwa ukiwa wake na kwa mambo yaliyotangazwa yasionekane, na mafundi wake walitumia miaka mingi kuujaza na kuurekebisha mpaka ukapata heshima. Namba ya Bethesda ilikuwa ndogo mno kando ya ile, na kwa sababu hiyo ilionekana kuwa ya busara. Lakini kwa mikono ya binadamu, elfu moja haitofautiani na trilioni. Hakuna studio duniani iwezayo kupanga sayari elfu jiwe kwa jiwe.

Haki yadai niseme kwamba Bethesda haikuficha jambo hili. Howard alieleza kabla ya mchezo kutoka kwamba sayari nyingi zingekuwa tupu, na kwamba karibu asilimia 10 tu zingekuwa na viumbe hai. Alieleza pia kwamba mchezaji hataweza kushuka kutoka angani hadi ardhini kwa mwendo mmoja usiokatika, kwa kuwa anga na ardhi vilikuwa vitu viwili mbalimbali. Aliyesikiliza maneno alijulishwa. Kwa hiyo tunapolipima deni la kwanza, deni la maneno, tunakuta kwamba sehemu yake kubwa ililipwa. Sayari zaidi ya elfu zilikuwamo. Ufundi wa kuunda vyombo vya angani kipande kwa kipande ulikuwamo, na ulisifiwa hata na wasioupenda mchezo. Vifaa, mavazi na vyumba vilivyofuata sura ya vyombo halisi vya NASA vilikuwamo, navyo vilipendeza. Hata makosa ya programu, ambayo Bethesda ilijulikana kwayo kwa miaka mingi, yalikuwa machache kuliko ilivyozoeleka katika kazi zake.

Tena ndani yake mlikuwa na kazi njema ya hadithi. Kisa chaanza mwaka 2330. Dunia yetu imekwisha kuwa jangwa, na wanadamu wametawanyika katika nyota za jirani. Mchimba madini agusa kipande cha chuma kisichojulikana asili yake, aona maono, na kwa ajili hiyo apokewa katika chama cha wapelelezi wachache kiitwacho Constellation, chenye nyumba yake katika mji wa New Atlantis. Katika safari za kutafuta vipande vingine mna sura moja iitwayo Entangled, na ningependa kila mwanafunzi wa usimulizi aijue. Ajali katika maabara imeupasua wakati ukawa matawi mawili. Katika tawi moja wafanyakazi wanaishi na mwenzao mmoja amekufa. Katika tawi la pili yeye peke yake ndiye aliyesalia. Mchezaji huruka kutoka tawi hadi tawi katika jengo lile lile, upande mmoja likiwa safi, upande wa pili likiwa limeungua, na mwishowe humpasa kuamua tawi lipi libaki. Ipo njia ya kuwaokoa wote, lakini haionekani kwa mtu mvivu. Jengo moja, watu wachache, uamuzi mzito: hii ni kazi ya mkono wa fundi, na mkono huo haukuwa umepoteza ustadi wake.

Kwa nini basi watu walilalamika? Walilalamika kwa sababu ya deni la pili. Katika Starfield njia ilikatwa. Mtu aliyetaka kwenda kutoka sayari moja hadi nyingine alifungua ramani, akachagua nyota, akabonyeza kitufe, akatazama picha fupi ya chombo kikiruka, akangoja skrini nyeusi, akafika. Mara nyingi hakuhitaji hata kuketi katika kiti cha rubani. Baina ya mahali na mahali hapakuwa na moshi wa kumvuta, wala mto wa kuvuka, wala mgeni wa kukutana naye, isipokuwa kwa nadra kilipotokea chombo kingine katika obiti. Kiswahili chetu kina bahati ya neno safari, ambalo mataifa mengi yameliazima. Sisi hatusemi kwamba mtu amesafiri kwa kuwa amefika. Twasema amesafiri kwa kuwa amekwenda. Starfield ulikuwa na mafikio elfu, na ndani yake kusafiri kulikuwa kidogo kuliko katika kisiwa kimoja cha mwaka 2002.

Ardhini nako mambo hayakuwa bora. Chombo kilipotua, programu ilitandaza eneo lenye mipaka, ikapanda juu yake majengo yaliyochaguliwa kutoka katika ghala: mgodi, maabara, kituo cha maharamia. Majengo haya yaliundwa kwa mkono, na yalipoonwa mara ya kwanza yalipendeza. Lakini ghala lilikuwa na vitu vichache na sayari zilikuwa nyingi. Basi mchezaji aliyevuka miaka mingi ya nuru aliingia katika maabara akakuta maiti ile ile imelala chini ya meza ile ile, na kando yake barua ile ile aliyoisoma juzi katika sayari nyingine. Hapo hadithi hufa. Barua ya marehemu ina nguvu kwa sababu ni ya mtu mmoja aliyekufa mahali pamoja. Ikirudiwa mara mbili, haina mwandishi tena, na msomaji wake hujua kwamba hakuna aliyekufa.

Upokezi wa mchezo ulifuata mkondo huo wa furaha ya kwanza na uchovu wa baadaye. Ndani ya majuma machache watu zaidi ya milioni 10 walikuwa wameucheza. Katika duka la Steam walihesabiwa zaidi ya 330,000 waliokuwamo kwa wakati mmoja. Wahakiki wengi waliusifu, na wastani wa alama zao ulipita kidogo 80 katika 100, ingawa IGN na GameSpot, majarida mawili yenye wasomaji wengi, yaliupa 7 katika 10. Lakini michezo ya aina hii hupimwa kwa miezi. Wachezaji walipokaa nayo, maoni yao yalishuka, na kufikia mwisho wa mwaka 2023 maoni mapya katika Steam yalikuwa mabaya kwa sehemu kubwa. Katika tuzo za The Game Awards za mwezi wa Desemba 2023 mchezo bora wa mwaka ulikuwa Baldur's Gate 3, kazi ya studio ya Larian ya Ubelgiji, yenye nchi ndogo zaidi iliyojaa matokeo ya kila neno mchezaji alilolisema. Starfield uliteuliwa katika fungu moja tu, la michezo ya uigizaji, wala haukushinda.

Bethesda ilijaribu kujitetea. Katika majibu yaliyoandikwa kwa wachezaji waliolalamika ilisemwa kwamba utupu wa sayari ulikusudiwa, ili mtu ajione mdogo mbele ya ulimwengu. Na kwamba wanaanga waliofika mwezini hawakukuta kitu, na hata hivyo hawakuchoshwa. Hoja hii ilichekwa na wengi, lakini mimi naiona kuwa hoja ya maana, na kwa hiyo yafaa ijibiwe kwa maana.

Ni kweli kwamba mwezini hapakuwa na kitu. Lakini chombo cha Apollo 11 kiliondoka duniani tarehe 16 Julai 1969, na wanaanga wawili wakatua mwezini tarehe 20 Julai. Siku nne walikuwa baina ya kuondoka na kufika, na nyuma ya siku hizo nne palikuwa na miaka ya mazoezi, na vifo vya wenzao watatu walioungua katika jaribio la mwezi wa Januari 1967. Kila chembe ya vumbi waliyoikanyaga ilikuwa imelipiwa. Utupu humtikisa mtu aliyeuendea kwa gharama. Kwa mtu aliyebonyeza kitufe, utupu ni chumba kisicho na samani. Bethesda walichukua ukiwa wa mwezi, wakaiacha njia iendayo mwezini, na njia ndiyo iliyoupa ukiwa ule heshima yake. Hapa ndipo jambo lilipoharibika. Sayari tupu si kosa. Kosa ni sayari tupu isiyo na safari.

Yaliyofuata yaonyesha kwamba mafundi wenyewe waliliona jambo hili, kwa matendo kama si kwa maneno. Mwezi wa Mei 2024 ramani za miji ziliboreshwa. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule kililetwa kigari cha kutembelea ardhini, ili mwendo uwe na ladha. Na tarehe 30 Septemba 2024 ilipotoka nyongeza kubwa ya kwanza, Shattered Space, kisa chake kiliwekwa katika sayari moja, penye mji mmoja uitwao Dazra na mandhari iliyopangwa kwa mkono kuuzunguka. Nyongeza hiyo haikupokewa kwa furaha kubwa, na wengi walisema kisa chake kilikuwa hafifu. Lakini mwanahistoria hawezi kuacha kuona mfano. Mwaka 1996 Bethesda ilitanua nchi mpaka ikapoteza uhai, na mwaka 2002 ikarudi katika kisiwa kimoja. Mwaka 2023 ilitanua anga, na mwaka 2024 ikarudi katika sayari moja. Somo lililokwisha kulipiwa lilinunuliwa mara ya pili, kwa bei kubwa zaidi.

Kuna jambo la kushangaza zaidi, nalo ni kwamba hadithi ya Starfield inalijua somo hili. Vipande vya chuma vikikusanywa vyote humfungulia mchezaji mlango wa kupitia hadi ulimwengu mwingine ulio kama huu. Akivuka, huacha nyuma kila kitu: chombo alichokiunda, nyumba aliyoijenga, mke au mume aliyemwoa, rafiki aliyemzika. Anaweza kuvuka tena na tena. Katika kisa mna mtu aitwaye Mwindaji, aliyekwisha kuvuka mara nyingi mno hata maisha ya watu hayana uzito kwake, kwa kuwa ajua kwamba atawakuta tena ng'ambo. Huyu ni adui wa kutisha, naye ametungwa vizuri. Waandishi walielewa kwamba wingi usio na mwisho huila thamani ya kila kimoja. Kisha hadithi hiyo ikatiwa katika mchezo wa sayari elfu na maiti moja iliyorudiwa, na mchezaji akageuzwa kuwa Mwindaji kabla hajakutana naye.

Basi, je, Starfield ulitimiza matarajio? Deni la maneno ulililipa kwa sehemu kubwa, na waliowaita watengenezaji wake waongo waliwadhulumu. Ndoto za wasikilizaji haukuzitimiza, na haukuwa na wajibu wa kuzitimiza, kwa kuwa hakuna fundi awezaye kushindana na mchezo ambao haujatoka. Lakini deni la desturi haukulilipa. Waliounda jina lao kwa njia walitoa mchezo usio na njia, na kwa sababu hiyo hata walioupenda waliupenda kwa sehemu: mmoja kwa vyombo vyake, mwingine kwa sura moja ya hadithi yake, mwingine kwa muziki wake. Ni wachache walioupenda kwa jinsi watu walivyoipenda Skyrim, yaani kama mtu aipendavyo nchi aliyowahi kuishi.

Hukumu hii yagusa zaidi ya mchezo mmoja. Tumeingia katika zama ambazo mashine yaweza kuzaa sayari, picha, na hata maneno, bila kuchoka na bila kuhesabu gharama. Kwa sababu hiyo wingi hautakuwa tena ushahidi wa juhudi. Elite ilikuwa na busara ya kukataa trilioni ikachukua elfu mbili. Morrowind ilikuwa na busara ya kukataa bara ikachukua kisiwa. Kuchagua kipi kisiwemo ni kazi ambayo kanuni ya hesabu haikumwondolea mtu. Mtaka yote hukosa yote, wahenga walisema. Bethesda haikukosa yote, ila ilipata sayari elfu ikaikosa njia moja ya vumbi itokayo kijijini, ambayo juu yake fahari yake yote ilikuwa imejengwa.